Dhihaka dhidi ya Wakristo kisiwani Pemba: mipaka ya utani na uzito wa ugeni

Kwa kawaida Mkristo kisiwani Pemba huishi kwa salama. Hupanga nyumba, hununua samaki sokoni, hualikwa harusini, na akifiwa majirani humjia. Pamoja na hayo, dini yake hufanyiwa mzaha mbele yake, na mzaha huo hupokelewa kwa kicheko na watu wazima ambao katika mambo mengine wana staha kubwa. Hausemwi kwa hasira. Husemwa barazani watu wakinywa kahawa, ofisini kabla ya kazi kuanza, ndani ya gari la abiria baina ya Chake Chake na Wete; na yule anayefanyiwa mzaha hutarajiwa acheke pamoja na wenzake. Linalohitaji kuelezwa ni kukubalika huko: namna jamii yenye adabu kali ya maneno ilivyofikia kuona kwamba maneno ya aina hii hayana aibu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika mikoa miwili ya Pemba, Kaskazini na Kusini. Sensa za Tanzania haziulizi dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo idadi rasmi ya Wakristo haipo. Lakini hakuna anayebisha kwamba karibu wakaazi wote ni Waislamu na kwamba Wakristo ni wachache mno. Wachache hao si kundi moja. Wapo askari wa polisi na wa JWTZ, watumishi wa taasisi za Muungano, walimu na wauguzi, mafundi ujenzi, vibarua na wachuuzi waliovuka kutoka bara, na familia chache ambazo Ukristo wao una zaidi ya miaka mia kisiwani. Ukiacha hizo za mwisho, karibu wote huhesabiwa kuwa Wabara. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, kwani mzaha unaoonekana kuigusa dini mara nyingi humlenga mgeni, na mzaha unaomlenga mgeni mara nyingi husemwa kwa maneno ya dini.

Mzaha wenyewe una mafungu yanayojirudia. La kwanza ni la chakula na kinywaji: nguruwe, ambaye nyama yake Tanzania nzima huitwa kitimoto, na pombe, ambayo Pemba kwa miaka mingi imehusishwa na mesi za askari. Mkristo asiyekunywa wala kula nguruwe, na wapo wengi, hasa Wasabato na walokole, huulizwa vivyo hivyo jana alilewa wapi. La pili ni la itikadi: Utatu hugeuzwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na kifo cha msalabani hugeuzwa swali la kuchekesha watu. La tatu ni la ibada, yaani ngoma na uimbaji wa kanisani, padri asiyeoa, mtu mzima kuzamishwa majini. La nne ni la majina. Mkristo huitwa Mgalatia, jina lililoenea nchi nzima kutokana na waraka ambamo Mtume Paulo anawakemea waumini wa Galatia kwa kukosa akili. Huitwa kafiri, neno ambalo katika fikihi lina maana na mipaka yake lakini barazani limekuwa tusi. Na akiwa ametoka bara huitwa chogo, neno linalodharau umbile la kichwa chake na lisilohusiana na imani kwa namna yoyote. Majina haya matatu hutumika kwa kubadilishana, na mtumiaji mwenyewe mara nyingi hawezi kusema ni lipi linaihusu dini na lipi linauhusu ukoo.

Kabla ya kwenda mbali inafaa kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa na pande zote. Mwislamu anayesema kwamba Yesu, Nabii Isa, si mwana wa Mungu hamdhihaki mtu. Anasema imani yake, kama vile Mkristo anaposema kinyume chake anavyosema imani yake. Tofauti hii si ndogo, na Tanzania imeilipia gharama kubwa. Hamisi Rajabu Dibagula, mhubiri wa Kiislamu wa Morogoro, alishitakiwa kwa kutamka hadharani maneno ya aina hiyo, akatiwa hatiani chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu na kuhukumiwa kifungo cha miezi 18. Mahakama Kuu iliiacha hatia ilivyo ingawa ilimpunguzia adhabu, na mwaka 2001 Waislamu waliingia mitaani Dar es Salaam kupinga uamuzi huo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta hatia yenyewe. Msimamo wake ulikuwa kwamba uhuru wa dini uliomo katika Katiba unabeba ndani yake uhuru wa kuitangaza dini, na kwamba kosa halipo mpaka ithibitike kuwa msemaji alidhamiria kuwaumiza wengine katika hisia zao za kidini. Kwa maneno mengine, anayesikia jambo asiloliamini akaudhika hajatendewa kosa kwa sababu hiyo peke yake. Dhihaka ni jambo jingine. Haina haja ya hoja wala ya jibu. Inamfanya mtu awe kichekesho kwa kile anachokiheshimu, tena mbele ya hadhira iliyo upande wa msemaji.

Kifungu alichoshitakiwa nacho Dibagula kina asili ya mbali. Waingereza walikitunga kwanza kwa ajili ya India, katika Kanuni ya Adhabu ya 1860, nchi ambako walihofia maneno ya dini yangewasha fujo baina ya Wahindu na Waislamu, kisha wakaieneza sheria hiyo katika makoloni yao ya Afrika Mashariki. Kwao Uingereza mambo yalikuwa kinyume: sheria ya kukufuru iliulinda Ukristo peke yake, na ilifutwa mwaka 2008. Sheria iliyokuja huku inazilinda dini zote kwa usawa, na sheria ya jinai ya Zanzibar nayo ina sura ya makosa dhidi ya dini. Lakini mzaha wa barazani haufiki polisi, na pengine ni vyema usifike. Anayetaniwa kila siku kazini hawezi kumpeleka mahakamani mwenzake kisha kesho akae naye meza moja. Jambo hili huamuliwa na desturi kuliko sheria, na desturi ya Pemba ina historia.

Ukristo uliingia Pemba pamoja na mwisho wa utumwa. Amri ya Sultani ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na mwaka huo huo Waquaker wa Uingereza, wanaojiita Jumuiya ya Marafiki, walifika Pemba chini ya Theodore Burtt, wakanunua shamba la Banani karibu na Chake Chake na kuanzisha misheni ya kazi za mikono kwa watu waliokuwa wakitoka utumwani. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa na makao yake Mkunazini, Unguja, nayo ilijenga kituo upande wa Wete. Walioitikia wito wao walikuwa hasa watu wasio na ukoo kisiwani: watumwa walioachwa huru, watoto wao, na vibarua wa mashamba ya karafuu kutoka bara. Mwungwana wa Kipemba hakuwa na haja ya misheni. Alikuwa na shamba, chuo cha Kurani, msikiti uliojengwa na babu yake, na makaburi ya wazee wake karibu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Ukristo ulionekana kuwa dini ya asiye na kwao, na kuudharau kulikuwa sehemu ya kumdharau mtumwa wa jana. Dharau hiyo ya nasaba ndiyo mizizi ya kwanza ya mzaha wa leo, na ingali hai ndani ya neno chogo.

Haitakuwa haki kusema kwamba dhihaka ilianzia upande mmoja. Wamisionari walikuja na serikali ya Kiingereza nyuma yao na hawakuchunga sana ndimi zao. Godfrey Dale, kasisi wa UMCA, alichapisha mwaka 1923 tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, akaifuatisha maelezo yaliyokusudiwa kumwonyesha msomaji udhaifu wa kitabu hicho. Kwa Waislamu wa pwani, kitabu chao kitakatifu kutolewa kwa lugha yao na mtu aliyekusudia kukipinga kulikuwa zaidi ya mjadala. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitumia magazeti yake ya miaka ya 1930 kuwatahadharisha Waislamu na kazi za misheni, na baadaye Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitoa tafsiri yake mwenyewe, iliyochapishwa nzima mwaka 1969, akizijibu zilizotangulia. Kumbukumbu ya enzi ile, ambapo mwenye kanisa alikuwa pia mwenye serikali, imewaachia wengi hisia kwamba kumdhihaki Mkristo ni kumjibu mkubwa. Anayetaniwa leo, mwalimu kijana kutoka Dodoma au muuguzi kutoka Mbeya, si mkubwa wa mtu yeyote.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliongeza tabaka jingine. John Okello, aliyeyaongoza siku zake za mwanzo na kujiita Fildimashali, alikuwa Mkristo kutoka kaskazini mwa Uganda, naye alifikia Pemba kwanza, mwaka 1959, akifanya kazi za ujenzi kabla ya kuhamia Unguja. Alikuwa akidai kwamba Mungu humwelekeza katika ndoto. Pemba, ambako vyama vilivyoshindwa na Mapinduzi vilikuwa na wafuasi wengi, ilionja ukali wa utawala mpya: watu walipigwa bakora hadharani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kiligawiwa kwa mgao na njaa ikawakimbiza wengi kwenda Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Viongozi wa Mapinduzi walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa kabisa, na Okello mwenyewe alifukuzwa ndani ya miezi michache. Hata hivyo kilichobaki katika masimulizi ya wengi ni sura ya mgeni Mkristo aliyekaribishwa kisha akageuka. Muungano wa Aprili 1964, chini ya Julius Nyerere aliyekuwa Mkatoliki anayejulikana kwa ucha Mungu, uliifanya sura hiyo ionekane kama mpango.

Halafu ikaja tarehe 27 Januari 2001. Wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF waliandamana kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000, na vyombo vya dola vikawafyatulia risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na kwingineko. Shirika la Human Rights Watch liliripoti watu wasiopungua 35 waliouawa, na takriban 2,000 walikimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kutoa wakimbizi. Hasira iliyotokana na siku ile iliwaelekea askari wa bara, na kwa macho ya mwanakijiji askari wa bara na Mkristo ni mtu mmoja, ingawa askari wengi kutoka bara ni Waislamu.

Bila ya kuyaweka mambo haya mezani, dhihaka ya Pemba haieleweki. Mpemba ni mwenye nguvu na mnyonge kwa wakati mmoja. Katika shehia yake yeye ndiye wengi: msikiti ni wake, baraza ni lake, sheha ni ndugu yake. Katika nchi nzima yeye ni wachache, na anaamini, mara nyingine kwa ushahidi na mara nyingine kwa uvumi, kwamba amepunjwa. Kuanzia miaka ya 1990 hoja ya mfumo Kristo, yaani dai kwamba dola la Tanzania linaendeshwa kwa manufaa ya makanisa, ilipata nguvu bara na visiwani. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, kisha ikalazimika kujitoa mwaka 1993, wengi waliona ushahidi mwengine. Anayeamini hivyo humtania Mkristo wa mtaani kwake akidhani anaipiga serikali kofi dogo. Kofi linamfikia fundi seremala.

Mtindo wa kisasa wa dhihaka, ule unaotumia Biblia yenyewe, haukuzaliwa Pemba. Ulitoka bara. Mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini aliutembeza dunia nzima, na katikati ya miaka ya 1980 Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, waandishi wa kitabu cha Uislamu katika Biblia, walianza kuhutubia hadharani wakithibitisha hoja za Kiislamu kwa aya za Biblia. Mihadhara hiyo ya mlingano wa dini ilijaza viwanja. Upande wa Kikristo nao ukaunda vikundi vyake vya kujibu, na kwa muda mji kama Dar es Salaam ulikuwa na mashindano ya wazi ambayo mshindi wake alijulikana kwa kelele za umati. Jambo la kuzingatia hapa ni kicheko. Mhadhiri hodari alijua kuusimamisha mjadala mahali watu wanapocheka, na kicheko kilichukua nafasi ya hoja. Kaseti za mihadhara zilivuka bahari, zikasikilizwa madukani Chake Chake na Wete. Baadaye zikaja sidii, na sasa vipande vya dakika mbili kwenye simu. Kule ilikotoka, mihadhara ilikuwa na wapinzani wawili jukwaani. Pemba kilifika kicheko bila ya mpinzani, kwa sababu Mkristo wa kujibu hakuwapo, na aliyekuwapo hakuthubutu.

Watetezi wa mzaha huu husema ni utani tu. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito, kwani utani ni taasisi ya kweli katika Afrika Mashariki. Mnyamwezi na Mzaramo, Mngoni na Msukuma, babu na mjukuu, shemeji na shemeji: hawa wameruhusiwa na mila kuambiana maneno ambayo kwa mwengine yangekuwa ugomvi. Lakini utani una masharti. Watani wanajulikana kwa jina na kwa historia. Kila mmoja ana haki ya kurudisha, tena papo hapo na kwa ukali ule ule. Na utani una wajibu: mtani ndiye anayefika msibani, anayebeba, anayechimba kaburi, na vichekesho vyake ni sehemu ya kumfariji mfiwa. Utani uliokosa haki ya kujibu haukidhi sharti hata la kwanza.

Kipimo hicho kikiwekwa Pemba, matokeo hayana utata. Mkristo akitaniwa kuhusu Utatu hawezi kurudisha kwa kumtania Mwislamu kuhusu Mtume wake. Hathubutu, na hakuna anayetarajia athubutu. Jamii nzima inajua kingefuata nini, na historia imekwisha kuonyesha: Mei 1988 Sofia Kawawa, mwenyekiti wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, alipoikosoa ndoa ya wake wengi pamoja na mambo mengine ya sheria ya Kiislamu, watu waliandamana Mji Mkongwe, polisi wakafyatua risasi na maisha yakapotea. Naye alikuwa Mwislamu akisema juu ya dini yake mwenyewe. Mahali ambapo upande mmoja una uhuru wa kucheka na upande wa pili una hofu ya kujibu, neno utani limetumika vibaya. Wapo Wapemba na Wakristo ambao ni watani wa kweli, marafiki wa miaka, wanaotupiana maneno juu ya futari na kitimoto na kupeana chakula sikukuu zote mbili. Urafiki huo ni mzuri na hauhitaji kuguswa. Tatizo ni mtu wa tatu anayeuona, akadhani na yeye ana ruhusa.

Kicheko cha Mkristo mwenyewe ndicho kinachohesabiwa kuwa ushahidi kwamba hakuumia. Ushahidi huo ni dhaifu mno. Mtumishi aliyehamishiwa Pemba anajua atakaa miaka michache na kuondoka. Ana nyumba ya kupanga, ana mkuu wa kazi, ana watoto skuli. Kununa kunamgharimu ujirani, kucheka hakumgharimu chochote kinachoonekana. Hata katika semina za viongozi wa dini mchungaji huweza kukaribishwa kwa kichekesho juu ya mvinyo au sadaka, akacheka, na mkutano ukaendelea. Anaporudi kwake huzungumza na wenziwe kwa maneno mengine, na baadhi ya maneno hayo ni dhihaka juu ya Uislamu: Mswahili mvivu, ustadhi asiyejua kusoma isipokuwa Kiarabu asichokielewa, uzao wa kijakazi Hajiri. Mpemba mwenye duka Kariakoo au Tabora ameyasikia haya, pamoja na ya ubahili wake. Anayajua machungu yake. Waliorudi kisiwani baada ya kuishi miaka mingi bara, wakiwa na majirani Wakristo waliowazika wazazi wao, mara nyingi ndio wa kwanza kuukataa mzaha huu; ujuzi wao wa kuwa wachache haupatikani darasani.

Anayeumia zaidi kuliko wote ni mtoto. Katika skuli za serikali Zanzibar somo la dini ya Kiislamu ni la lazima kwa wanafunzi Waislamu, na wasio Waislamu husamehewa. Msamaha huo ni haki yao, lakini darasani una maana kwamba kila kipindi hicho kinapofika, mtoto mmoja au wawili huinuka na kutoka mbele ya wenzao. Mtoto hana mshahara wa kumfanya avumilie wala uhamisho wa kuusubiri. Jina la Mgalatia, ambalo baba yake alicheka alipoitwa, yeye hulibeba uwanjani kila siku, na walimu wasipokemea huamini kwamba walimu wamekubali. Hapa hakuna nafasi ya kulitazama jambo pande mbili. Mtu mzima kumdhihaki mtoto kwa dini ya wazazi wake, au kuwaacha watoto wengine wafanye hivyo mbele yake, ni ukatili, na mwalimu anayeuacha ameshindwa kazi yake.

Je, mzaha huzaa damu? Zanzibar ilipita kipindi kibaya baina ya 2012 na 2013. Makanisa yalichomwa Unguja Mei 2012, baada ya kukamatwa mmoja wa viongozi wa kundi la Kiislamu la Uamsho. Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa siku ya Krismasi ya mwaka huo, na Padri Evarist Mushi aliuawa Februari 2013 akielekea kwenye ibada. Padri Joseph Anselm Mwang'amba alimwagiwa tindikali Septemba 2013. Lakini Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti naye alimwagiwa tindikali Novemba 2012, kwa hiyo kuyaeleza matukio yale kwa chuki ya Waislamu kwa Wakristo peke yake ni kurahisisha. Matukio hayo yalitokea Unguja. Mzaha wa barazani haukumpiga mtu risasi. Ulichofanya, na hili ni baya vya kutosha, ni kuzoesha masikio. Jamii iliyokwisha kumfanya padri kichekesho huchelewa kushtuka anapotishwa, na vitisho dhidi ya mapadri vilikuwa vikisambazwa kwa vipeperushi na kwa simu kabla ya risasi kulia.

Mafundisho ya Kiislamu juu ya suala hili hayana giza. Sura ya Al-Hujurat inakataza watu kuwacheza shere watu wengine na inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Sura ya Al-An'am inakataza kuwatukana wanaoabudiwa na wasio Waislamu, na inatoa sababu: wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Sura ya Al-Ankabut inaelekeza kwamba kujadiliana na watu wa Kitabu kuwe kwa njia iliyo bora. Sira inasimulia ujumbe wa Wakristo wa Najrani uliopokewa na Mtume Madina, wakajadiliana naye juu ya Isa, hawakukubaliana, na wakaondoka kwa amani na mkataba. Mwanachuoni wa Pemba anayesomesha haya msikitini hana haja ya kuazima lugha ya haki za binadamu kutoka kokote. Kilichopungua ni kuyapeleka hadi barazani, mahali ambapo wengi huona aya hizo zinahusu mambo makubwa kuliko mzaha wa kahawani.

Juhudi za kukutanisha dini zipo. Zanzibar ina kituo cha mahusiano ya dini, ZANZIC, kilichoanzishwa na makanisa kwa msaada wa Danmission ya Denmark, na ina kamati ya pamoja ya viongozi wa dini kwa ajili ya amani. Mradi wa Upendo wa Unguja uliwaweka wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo kwenye cherehani za chumba kimoja, wakishona na kuuza pamoja, na huo umefanya kazi ambayo semina nyingi haziwezi, kwa kuwa anayekaa na mwenzake kila siku hujua mapema ni neno gani linamwumiza. Udhaifu wa mikutano ya viongozi ni kwamba huzungumza juu ya amani kwa jumla, hupiga picha, na haisemi lolote juu ya Mgalatia na chogo. Kiongozi wa Kikristo huona aibu kulalamikia jambo linaloitwa dogo, na kiongozi wa Kiislamu halitaji asipoulizwa.

Kwa jinsi mambo yalivyo, Mkristo wa Pemba hawezi kuliondoa jambo hili mwenyewe. Akikasirika ataambiwa hana moyo wa utani, akinyamaza ataambiwa ameridhika. Neno lenye uzito ni la Mwislamu aliyekaa kwenye baraza lile lile, aliye mkubwa kwa umri au kwa elimu, akisema kwa utulivu kwamba hilo halifai, mbele ya yule aliyelisema na yule aliyesemwa. Makhatibu wana mimbari kila Ijumaa. Masheha wanajuana na kila mpangaji. Walimu wakuu wana paredi kila asubuhi. Waanze na majina: Mgalatia na chogo yapigwe marufuku skuli mwaka huu, na khutba moja juu ya Al-Hujurat iyataje kwa herufi zake.